Kijiko Nilicholamba

Mimi ni mtu wa maneno, hilo sifichi. Wajukuu wakija hapa Bodo wakati wa likizo, mikoba bado hawajaitua, wameshanizunguka: bibi, tupe kisa. Nami nawapa. Nawapa vya fisi, nawapa vya majini, nawapa cha bibi harusi aliyekula wali wa wageni wote. Nacheka mwenyewe kabla hawajacheka wao. Lakini kiko kimoja ambacho siku zote nilikuwa nakiruka kama mtu anavyoruka kaa la moto. Leo nataka kukisema mpaka mwisho, na mniache nikiseme kwa namna yangu, maana shule yangu mimi iliishia kwenye kuhesabu mpaka mia, na hiyo mia yenyewe sikuifikia.

Ni kisa cha wifi yangu, mke wa kaka yangu.

Kaka alikuwa mkubwa kwangu sana. Mimi nilipoota meno yeye alikuwa tayari anashika panga. Baba yetu alikufa mapema, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba. Alifanya kazi ya kukata miwa kwenye mashamba ya miwa, na kila Jumamosi alikuja nyumbani na mzigo wa miwa kichwani, anatutupia uani: "Haya, tafuneni, meno ni ya kazi." Mke alimtoa Jego, kule chini karibu na Vanga. Mwanamke mrefu, mpole, akicheka anafunika mdomo kwa ncha ya leso yake ya kujitanda. Tuliishi mji mmoja, kiwanja kimoja: mama yetu, kaka na mkewe na kibinti chao kichanga, na mimi, mwari wa miaka kumi na sita hivi, nangoja mume.

Wifi alinipenda. Hilo lazima niliseme mwanzo, msije mkadhani palikuwa na ugomvi. Alinisuka nywele. Alinifundisha kupika wali wa nazi usishike chini. Akinunuliwa leso jozi moja, anaikata, kipande kimoja changu. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemtenda nilivyomtenda.

Ulikuwa mwaka wa kabla ya bendera mpya. Kila baraza uhuru, kila kisima uhuru. Watu walikuwa wanabishana nani atapewa shamba la nani, na bibi mmoja jirani alishasema uhuru ukija yeye hatwangi tena. Sasa katikati ya vishindo hivyo vyote, kaka yangu akaanza kunywa maji.

Nikisema maji, si maji ya mtu wa jua. Alikuwa anamaliza mtungi. Wifi anateka asubuhi, adhuhuri mtungi unalia pwaa, hauna kitu. Tukamcheka. Mama akamwambia, "Mwanangu, umemeza jua?" Naye akajibu, "Nimemeza, mama, na halitoki." Akinywa anatoka kwenda kukojoa, akirudi anakunywa. Tena alikuwa anakonda, yeye mtu wa mabega, kikoi kikawa kinamteremka, anakifunga na kukifunga. Tukasema ni kazi ya miwa. Tukampa madafu. Tukamchemshia chai nzito ya sukari apate nguvu. Mungu atusamehe, sukari yote ile.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na uwa wa makuti, ndio msalani petu. Siku moja mama alienda kufagia, akaniita. "Hebu njoo uone." Pale anapokojoa kaka palikuwa na sisimizi. Si wawili watatu. Msafara mzima, umetoka kwenye mzizi wa mnazi mpaka pale, wengine wanarudi wengine wanakwenda, kama watu wa arusi. Upande wetu wanawake hapakuwa na hata mmoja. Mama alisimama na ufagio wake, akanong'ona: "Hawa wametumwa." Kwetu sisi mdudu hafuati mkojo wa mtu bure. Mama alifukia kwa majivu, na siku ya pili wakarudi.

Basi masika yakaingia, na mbu, na kaka akashikwa na homa. Homa ya kutetemesha kitanda. Wifi alitoka kwa miguu na mtoto mgongoni mpaka dispensari, akarudi na vidonge vya homa, amefungiwa kwenye karatasi, na maagizo ya dresa, mtoa dawa wa pale, ameyashika kichwani: kimoja asubuhi, kimoja jioni, mpaka viishe. Lakini vidonge vile vilikuwa vichungu, mwanangu, kaka alikuwa anavitema. Sasa wifi akafanya akili. Akavisaga kwenye kijiko kwa mgongo wa kijiko kingine, vikawa unga, akachanganya na asali ya nyuki wa mikoko, akampa. Kaka akameza.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kizingitini natazama ile asali. Wifi akaniona navyoitolea macho, akacheka, akafunika mdomo, akaninyooshea kijiko kilichobaki. "Haya, wifi, lamba." Nikalamba. Utamu ulikuja kwanza, halafu uchungu ukanikamata huku nyuma ya ulimi mpaka nikafumba macho. Wifi alicheka mpaka mtoto akaamka. Kwa hiyo nilijua. Nilijua mle kijikoni mna nini kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu nililamba.

Siku ya tatu ya vidonge kaka akakojoa mkojo mweusi. Rangi ya kahawa ile ya wazee. Macho yakawa kama yamepakwa manjano. Akawa hawezi kusimama, akisimama moyo unamwenda mbio, na mgongo unamuuma. Mama akalia kilio cha chinichini, kile cha mtu ambaye bado hajataka majirani wajue.

Lakini majirani walijua. Kesho yake wanawake walikuwa kwenye kiwanja chetu wanasuka makuti, maana paa letu lilikuwa linavuja na siku ya makuti ilishapangwa. Nami nilikuwa kati yao nasuka. Basi yule bibi asiyetaka kutwanga tena akauliza, "Mgonjwa vipi?" Nikawaeleza maji, nikawaeleza sisimizi, nikawaeleza mkojo. Mnajua mimi nikieleza. Nikaonyesha kwa mkono sisimizi wanavyokwenda. Nikaona wameinamisha vichwa kunisikiliza, wanawake wazima, watu wanaoniambiaga mimi nyamaza mtoto wewe. Na yule bibi akaniuliza, polepole, "Na wewe uliye ndani ya nyumba. Hujaona kitu?"

Mikono yote ikasimama. Hapakuwa na kuti lililosikika.

Ningesema sijaona, wangeendelea kusuka. Kitu kingine kisingetokea. Lakini mimi nilitamani mikono ile iendelee kusimama. Nikasema: "Nimemwona wifi anasaga unga kwenye kijiko."

"Unga gani?"

"Mweusi."

Unga ulikuwa mweupe. Mweupe kama chokaa.

"Akaufanyaje?"

"Akauficha kwenye asali. Akampa kaka. Akatazama nyuma kwanza."

Hilo la kutazama nyuma lilikuja lenyewe. Wanawake wakapigana viwiko. Mmoja akasema, "Limbwata." Mwingine akasema, "Watu wa kule chini, dawa za kufunga mume wanazijua sana. Sasa amezidisha kipimo." Mimi nikaendelea kusuka, masikio yananiwaka moto, na sitasema uongo tena, furaha ilikuwemo. Nilikuwa nimesikilizwa.

Jioni yake mama alishaambiwa, na walioambiwa na mama ni ndugu zake, wajomba zetu. Kwetu Wadigo wa enzi zile mjomba ndiye mwenye neno, maana ukoo uliandamwa upande wa mama. Mjomba mkubwa akaniita, akaniuliza. Pale ndipo palikuwa na mlango wa kutokea. Lakini nilikuwa nimeshayasema mbele ya watu tisa, na nikayarudia, tena nikayapanga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza.

Wifi akaitwa. Akasema, "Ni dawa ya dispensari. Karatasi yake hii hapa." Karatasi ikatazamwa, haina kitu, vidonge vilishakwisha. Akanigeukia mimi. "Wifi, waambie. Si ulilamba kijiko?"

Nikasema, "Mimi sijalamba kitu."

Hakunitukana. Alinitazama tu, kwa mshangao, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Wajomba wakaamua kiapo cha papai. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa akikikataza kila Ijumaa, lakini watu walikuwa wanamwitikia na kuondoka. Kiapo chenyewe ni hivi: mzee mwenye nacho analinenea papai, analikata, mshukiwa anakula. Kama ni mkweli linashuka. Kama ni mwongo koo linavimba. Wifi akasema, "Nitakula. Lakini aliyeniona naye ale."

Wazee wakaniangalia. Papai lilikuwa limeshakatwa, jekundu, mbegu zinang'aa. Mwanangu, sijapata kuogopa kitu kama nilivyoogopa papai lile. Nikainamisha kichwa nikasema, "Niko kwenye siku zangu." Na kwa kuwa walikuwa bado wananitazama, nikaongeza, "Na mwenye siku zake akilishwa kiapo, humgeukia mlishaji." Mambo hayo sikuyasikia kwa mtu. Niliyatunga palepale. Yule mzee akarudi nyuma hatua mbili na papai lake, wajomba wakatazama pembeni kwa haya, na habari yangu ikaishia hapo. Zamani nikikumbuka kipande hiki peke yangu huwa nacheka, mzee mzima kumkimbia msichana. Kisha nakumbuka kilichofuata.

Wifi alikula. Alikuwa ameshalia sana, kinywa kimekauka, na tangu mvua zianze alikuwa na kikohozi, sote tulikuwa tunakisikia. Akameza kipande, na kikohozi kikamjia. Mara moja tu: kho. Akanyoosha mkono akaomba maji.

Mama akasema, "Si mmeona."

Hakuna aliyempa maji. Koo halikuvimba, hata kesho halikuvimba, lakini wao walishaona walichotaka. Kaka alikuwa ndani amelala, hana damu mwilini, anasikia maneno kwa mbali. Wakamwendea wakamweleza yote, na unga mweusi, na kutazama nyuma. Akatoa talaka. Moja, wallahi, ya kurejeka, na wifi akakaa eda yake kwao Jego akingoja, na hakuna aliyemfuata. Aliondoka na mtoto mgongoni na kifurushi kimoja. Leso yake ya maua mekundu ilisahaulika kwenye kamba. Nikaichukua.

Na kaka alipona ule mkojo. Hapo ndipo pabaya. Baada ya wiki mbili tatu mkojo ukawa safi, macho yakawa meupe, na kila mtu akasema: mnaona, mchawi ametoka, mgonjwa amepona. Kiu haikutoka, sisimizi hawakutoka, lakini nani alitazama tena? Siku ya kushangilia uhuru palikuwa na ngoma, nami nikaenda kucheza nimejifunga leso ya wifi. Watu wakaisifu. Nikasema ni yangu.

Miaka ikapita. Niliolewa hapahapa Bodo, nikazaa mtoto wa kiume. Alipofika miaka minne akapata homa. Njia ilikuwa imeharibika kwa mvua, nikasema sitaenda mbali, jirani alikuwa na vidonge vilivyombakia mumewe, akanigawia. Mtoto akavitema. Basi nikatafuta kijiko, nikavisaga kwa mgongo wa kijiko kingine, nikatia asali. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Sikukumbuka nilijifunza kwa nani.

Siku ya tatu mwanangu akakojoa kahawa.

Nilikaa kwenye mchanga pale uani, naangalia kile kitundu cheusi cha mkojo, na nilijua, kabla mtu hajanieleza kitu. Pale nyumbani hapakuwa na mwanamke wa Jego. Hapakuwa na mtu wa kumroga isipokuwa mimi niliyemlisha.

Tulimbeba mpaka dispensari na tope lile. Dresa alikuwa yuleyule, ila alikuwa ameshapelekwa kusomeshwa zaidi, sasa anavaa miwani. Akamtazama mtoto macho, akamtazama viganja, akaniuliza amekula nini. Nikamwambia. Akauliza, "Kwenu yuko mwanamume mwingine aliyewahi kukojoa hivi kwa dawa ya homa?"

Nikasema, "Kaka yangu." Sauti haikutoka, akaniambia rudia.

"Kaka wa mama mmoja?"

"Mama mmoja."

Akanieleza kwamba ziko damu ambazo hazipatani na baadhi ya dawa. Mtu anazaliwa nayo, haonekani kuwa na tatizo, mpaka ashikwe na homa au ale dawa isiyomfaa, ndipo damu inavunjika, na ule weusi ni damu iliyovunjika inayotoka. "Baba mwenye damu hiyo humwachia binti, na mama ndiye anayempa mtoto wa kiume," akasema. "Yeye mwenyewe mara nyingi haimsumbui."

"Mama yupi?"

"Wewe. Na wewe umepewa na wako."

Mimi nilikuwa nimetafuta mchawi Jego, kumbe ametoka tumboni mwetu.

Nikamwambia yote ya kaka, na kwa kuwa nilishaanza nikamtajia na sisimizi. Dresa akavua miwani. "Sisimizi? Kwenye mkojo?" Akanipa chupa ndogo. Nikamletea mkojo wa kaka kesho yake. Alikuwa na maji yake ya buluu kwenye kichupa chembamba, akatia matone ya mkojo, akayaweka juu ya moto wa spiriti. Nilisimama natazama. Yale maji yakawa kijani, yakawa manjano, yakatulia kwenye rangi ya tofali. "Sukari," akasema. "Mdudu ameijua kabla yenu." Kwa hiyo yalikuwa maradhi mawili ndani ya mtu mmoja, damu na sukari, nasi tukayafunga pamoja tukayapa jina la mwanamke mmoja.

Ngojeni niruke mbele kidogo, halafu nitarudi. Mjukuu wa wifi, mtoto wa yule binti aliyebebwa mgongoni, ni askari wa hoteli huko Diani. Ananiita bibi kama wajukuu zangu wengine. Juzijuzi amekonda, anakunywa maji, nilipomwona tu nikamkumbuka kaka. Akaenda kupimwa, kipimo cha kidole kinasema sukari iko juu, kile kipimo kikubwa cha miezi mitatu kinasema hana shida. Wakawa wanamrudisha. Nikasema nipelekeni mimi. Nikamwuliza daktari, binti mdogo, "Mwanangu, mmeitazama damu yake? Ya kwetu inavunjika." Akaniangalia kwa heshima ghafla. Akaipima, akaikuta, akanieleza polepole: damu yetu imepungukiwa na kitu cha kuilinda, akakitaja, kimeng'enya, nikamfanya akirudie mara tatu. Chembe zake zinakufa mapema, na kile kipimo kinahesabu sukari iliyoganda kwenye chembe. Chembe ikifa changa haijagandwa na sukari ya kutosha, basi kipimo kinasema uongo, kinaonyesha nafuu ambayo haipo. Akasema watu wa sehemu zenye malaria tangu mababu wengi wanayo damu hii, kwa sababu mdudu wa homa hakai vizuri ndani yake. Ilikuwa kinga. Na sukari ikipanda sana, au homa ikija juu ya sukari, damu nayo huvunjika haraka zaidi. Nikamwuliza kama damu hii ndiyo inayoita sukari. Akasema wengine wanaona hivyo, bado hawajakubaliana. "Bibi, umejuaje haya?" akaniuliza. Nikamwambia nimeyajua kwa njia mbaya.

Haya, nirudi.

Nilitoka dispensari nikaenda kwa mama. Alikuwa anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi yake. Nikamwambia alivyosema dresa. Mama akaendelea kukuna, akakuna mpaka kifuu kikaanza kutoa weusi, nazi yote imeharibika. Halafu akasema, "Yuko mjomba wako mmoja hukumjua, alikufa akikojoa hivyohivyo. Mkewe tulimfukuza." Nikamwuliza mke yule alikwenda wapi. "Sijui," akasema mama. "Hatukuuliza."

Wiki ya pili mwanangu alipopata nguvu, nikampa bibi yake amshike, nikaenda Jego. Nilipanda lori la mahindi mpaka njia panda, kilichobaki nikakitembea. Mkononi nilikuwa na leso ya maua mekundu, nimeifua mara mbili.

Wifi alikuwa ameolewa tena. Nilimkuta uani anageuza samaki juu ya moto wa kuwakausha, tumbo liko mbele, na kibinti cha miaka sita hivi kinampepea moshi. Macho ya kaka yangu yaleyale. Wifi aliniona, akaendelea kugeuza samaki mpaka akamaliza safu.

"Karibu," akasema. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Ana sukari. Macho yameanza giza."

Nikamwambia habari ya damu, ya mwanangu, ya maji ya rangi ya tofali. Nikamwambia binti huyu ameibeba damu hiyo, akija kuzaa mtoto wa kiume awe mwangalifu na dawa za homa. Hilo alilisikiliza kwa makini, akaniuliza mara mbili. Halafu nikafika kwenye langu. Nilikuwa nimelipanga njiani, mimi nisiyekosa neno, na likanikwama.

"Wifi, ule unga ulikuwa mweupe," nikasema.

"Najua ulikuwa mweupe. Niliusaga mimi."

"Nilisema uongo."

"Najua. Miaka yote nilikuwa najiuliza jambo moja tu." Akafuta mikono kwenye leso. "Yule mama yenu aliogopa. Wazee waliogopa. Mume wangu alikuwa mgonjwa. Wewe ulilamba kijiko. Kwa nini?"

Nikatafuta sababu kubwa. Ningepata chuki, ningepata wivu, ingekuwa nafuu. Nikamwambia ukweli. "Walikuwa wananisikiliza."

Wifi akacheka. Hakufunika mdomo. Kilikuwa kicheko kifupi, kimekauka, na kibinti kikaacha kupepea kikamtazama mamake. "Basi tu?" akasema. "Basi tu, eti."

Nikampa leso. Akaikunjua, akaitazama, akanirudishia. "Ulisemea wapi?"

"Penye makuti."

"Basi rudi ukaseme penye makuti. Jifunge hii, waikumbuke. Ukishasema, ndipo uje unitake radhi. Leo sijakusikia."

Akanipa samaki wawili wa njiani, maana mgeni ni mgeni.

Ilinichukua mwezi mzima kupata siku ya makuti. Uongo huo. Siku zilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa naumwa kichwa kila moja. Hatimaye walikuja kusuka kwenye kiwanja cha mama, karibu wote walewale, na yule bibi wa kutwanga, ambaye uhuru ulikuwa umekuja na bado anatwanga. Nikajifunga ile leso nikakaa katikati. Nikaanza.

Walifurahi. Wakasema haya, msimulizi ametujia. Nikasema ule unga ulikuwa mweupe, nikasema ulikuwa dawa ya dispensari, nikasema nililamba. Wakatabasamu, mikono inakwenda, wanangoja nifike pa kuchekesha. Nikasema ya damu ya mama yetu, na mjomba, na mkewe aliyefukuzwa. Nikasema sisimizi walifuata sukari. Sikuonyesha kwa mkono. Tabasamu zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, na yule bibi akaweka kuti lake chini.

"Na papai?" akauliza. "Si ulisema uko kwenye siku zako?"

"Sikuwa," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka akaingia ndani, na tangu siku ile mpaka anakufa hakuniambia neno juu ya jambo hilo, zuri wala baya. Wanawake walimaliza makuti yao, wakafunga, wakaondoka bila kuniaga kwa jina.

Nikabaki nimekaa. Kaka alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, kwenye kitanda cha kamba kivulini, na sikujua kama amelala au la, mpaka akaniita nimpe maji. Nikamchotea kata, nikamwekea mkononi kwa sababu macho yake hayakuwa yanaiona vizuri. Alikunywa yote. Akanirudishia kata, akaishika ncha ya ile leso niliyojifunga, akaipapasa mpaka kwenye pindo, akaijua.

"Mimi nilimjua mke wangu," akasema. "Lakini wewe ulisimulia vizuri."

Nikaenda kumchotea maji mengine.